Saa Saba, Zenon Akizima Mashine

Pikipiki ilitangulia. Dominika aliiona ikiinama polepole kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, kisha udongo chini yake ukaondoka wote kwa mara moja, na pikipiki ikateremka mlima na taa yake ikiwaka, honi ikilia yenyewe, mpaka huko chini kwenye miti ikanyamaza. Nyuma yake lilikuwa limefungwa sanduku lenye redio kubwa na betri. Aliyekuwa akiiendesha ni Leonsi.

Leonsi hakufika mbali kama pikipiki. Mzizi ulimdaka hatua thelathini chini ya njia, akabaki ananing'inia hapo, uso umejaa tope, mguu mmoja umegeukia upande ambao miguu haigeukii.

Dominika alikuwa ameshuka dakika mbili kabla. Alisema kipande kile atakipita kwa miguu yake mwenyewe, na Leonsi alicheka. Sasa hakuna aliyecheka. Alijifunga kikapu vizuri mgongoni, akakaa chini, akateremka kwa makalio, tope likimwingia mpaka kiunoni.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa tatu, saa tisa alasiri. Walitoka Milanzi, mjini Sumbawanga, asubuhi, shangazi na mtoto wa kaka yake, kupeleka redio kwenye kijiji kimoja cha Bonde la Rukwa. Huko mvua zikizidi, mnara wa simu hunyamaza, na mama mwenye uchungu hana pa kuita. Kikundi chao cha redio kilikuwa na watu saba, wote wa kujitolea, na kibali chao kilitundikwa ukutani nyumbani kwa Dominika. Yeye alikuwa na miaka hamsini na minane, anauza ulezi sokoni, na redio alifundishwa na mumewe, Mzee Basil, aliyekuwa fundi kabla magoti hayajamkalisha kutwa mbele ya kompyuta ya redio. Leonsi ndiye aliyejua kompyuta.

Na hawakukosa kuonywa. Kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, pale uwanda unapokatika na bonde linaonekana chini kabisa, walimkuta Maduhu na ng'ombe zake. Maduhu ni mfugaji, wazazi wake walihamia kutoka kaskazini, na kila siku yeye au mwanawe huwauzia maziwa akina Dominika.

"Pale Ng'ombe Watatu msipite," aliwaambia. "Mlima umekunywa, umeshiba."

Leonsi alitazama simu yake. "Kwenye ramani hakuna mahali panaitwa Ng'ombe Watatu."

"Hata ng'ombe wangu hawakuwa kwenye ramani," alisema Maduhu. "Walianguka hivyo hivyo."

Wakapita.

Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, na ngozi imepasuka urefu wa kidole. Dominika alimvuta kijana kwa kwapa mpaka chini ya mwamba uliojitokeza kama kibaraza, akachana kitenge chake, akaziba jeraha, akakata fito mbili na kumfunga gango. Leonsi aling'ata mkanda wake wa suruali. Alipoutoa mdomoni ulikuwa na alama za meno pande zote mbili.

"Maji," alisema.

Kijito kilichopita kando kilikuwa tope tupu. Dominika alitega kifuniko cha hotpoti chini ya tone la mwamba, akasubiri kijae. Ndani ya hotpoti mlikuwa na viazi vya kuchemsha sita. Kikapuni kulikuwa pia na karanga, mwavuli, rozari, na redio ndogo ya mkononi pamoja na waya wake wa kuiunganisha na simu. Redio kubwa ilikuwa huko chini na pikipiki.

Juu hakukuwa na njia tena. Mahali palipokuwa na njia palikuwa na ukuta mwekundu unaotiririka, na kila baada ya muda jiwe lilitoka na kupita kando yao bila haraka. Chini kulikuwa na korongo. Simu haikushika mtandao hata kidogo. Nyumbani wasingewatarajia hewani mpaka Ijumaa jioni, na mguu wa Leonsi usingengoja Ijumaa jioni. Hilo Dominika alilijua kwa kuuangalia tu.

"Redio ndogo inaweza kufika," Leonsi alisema. "Siyo kwa sauti. Kwa maandishi."

Mambo ya maandishi yalikuwa hivi. Unaandika neno kwenye simu, programu inaligeuza kuwa miluzi, redio inaitupa miluzi hewani, na kompyuta ya upande wa pili inaigeuza kuwa herufi tena. Mahali sauti ya mtu inapochoka, miluzi huendelea. Lakini uwanda wote wa Ufipa ulisimama kati yao na Milanzi kama mgongo wa mtu aliyekataa kugeuka, kwa hiyo ilibidi antena ikae juu.

Hatua arobaini juu yao kulikuwa na jabali. Dominika alilipanda kwa kushika mizizi, nyaya za antena amezizungusha shingoni, akateleza mara mbili, akachubuka viganja. Alitupa waya kwenye tawi la mti, akaunganisha, akaandika namba za mahali walipo, zile Leonsi alizomsomea kwenye simu kabla hajapanda naye akaziandika kiganjani. Akatuma mara tano. Kioo cha simu kilibaki cheupe.

"Umetuma?" aliuliza Leonsi alipomwona anashuka.

"Nimetuma."

"Wamejibu?"

"Wangejibu ningeshuka nimenyamaza hivi?"

Mvua ilirudi jioni na radi zake, na usiku ule walikaa wameegemeana chini ya mwamba, mwavuli ukizuia upande mmoja. Leonsi alianza kupata homa. Kila kichwa kilipomwinamia, Dominika alimgusa bega, na kwa kuwa hakuwa na dawa, alimpa alichokuwa nacho.

"Kitendawili."

"Shangazi, mguu unawaka moto."

"Mguu siyo sikio. Kitendawili."

"Tega."

"Mzee wangu anakula kutwa nzima, hanenepi."

Leonsi alifikiri. "Mwenyekiti wetu wa mtaa."

"Huyo amenenepa. Jaribu tena."

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

"Chukua Sumbawanga."

"Nilikwenda Sumbawanga," Dominika alisema, kama inavyosemwa kila siku mtu akishindwa, "nikafika Milanzi, nikamkuta mzee anakula gunia la mahindi na la ulezi na bado tumbo tupu. Ni mashine ya Zenon ya kusaga."

Akataka kutega kingine, lakini mdomo ulibaki wazi.

"Leonsi. Yule bawabu."

Kwenye programu kitu chenyewe kinaitwa skwelchi, ila kikundi walikiita bawabu, kwa sababu kazi yake ni kukaa mlangoni. Hewani kuna makelele siku zote, na kompyuta bila bawabu huyageuza makelele yote kuwa herufi za ovyo. Bawabu huruhusu kilicho na nguvu kupita kelele, kingine hukifungia nje. Sasa mashine ya Zenon ilikuwa ukuta mmoja na nyumba ya Basil, na mota yake kuukuu ilitema cheche kutwa, na cheche za umeme hugeuka makelele hewani. Mwezi wa kwanza Basil alilalamika kwamba kioo chake kimejaa takataka, kwamba amechoka kusoma ulezi uliomwagika. Leonsi akampangia bawabu wa kujipanga mwenyewe. Tangu hapo kioo kilikuwa safi, na Basil alimsifu Leonsi mbele ya watu.

"Anajipangaje?" aliuliza Dominika.

"Anasikiliza kelele ambayo haikatiki. Anajiweka juu yake kidogo. Kelele ikipanda, naye anapanda."

"Na ikishuka?"

"Anashuka. Taratibu. Dakika tano, kumi."

"Kwa hiyo Zenon akiwasha mashine, bawabu anapanda mpaka juu ya mashine. Na sisi tuko chini ya mashine."

Leonsi alijifuta tope usoni.

"Na wa kwetu humu kwenye simu?"

"Naye nimempanga hivyo hivyo."

"Na radi zimenguruma kwa mbali tangu mchana, bila kukatika."

"Ndiyo."

"Basi hata wangejibu tusingeona. Kioo safi kabisa."

"Sikufikiria hilo, shangazi."

"Ulifikiria usafi," alisema Dominika. Hakusema kwa ukali. Alimpa nusu ya kiazi, akamsimamia mpaka akakimeza.

Alhamisi kulipokucha mguu ulikuwa umevimba mpaka gango likamezwa na nyama. Dominika alilegeza vitambaa, akafunga tena. Jeraha lilianza kunuka. Betri ya redio ilikuwa imebaki na mistari miwili kati ya mitano, na simu asilimia kumi na tisa.

Usiku mashine ilizimwa, lakini Basil naye huzima kompyuta na kulala, kwa hiyo Leonsi alitaka watume tangu asubuhi. Kulikuwa na mahali kwenye programu pa kuagiza ujumbe ujirudie wenyewe bila kukoma. "Ukijirudia mara mia, mara moja utapita," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu na alizungumza haraka.

"Betri itaisha kabla haujapita."

"Kwa hiyo tukae tu?"

"Tukae. Mpaka saa saba."

"Saa saba kuna nini?"

"Zenon anakula."

Hakuna mama wa Milanzi asiyelijua hilo. Zenon huzima mashine saa saba kamili, hata kama foleni ya ndoo imefika barabarani. Anakula ugali wake bila kumtazama mtu, kisha anajilaza kwenye benchi la wateja, na hakuna awezaye kumwamsha kabla ya saa nane. Watu wamemsema, wamemshtaki kwa mjumbe, na aliyemsema kuliko wote ni Dominika, ambaye mara moja alimpigia sufuria sikioni. Zenon aligeukia upande wa pili.

"Na leo akila saa sita?" aliuliza Leonsi. "Na asipokula?"

"Miaka kumi na moja namjua. Hata msiba wa baba yake alikula saa saba."

Leonsi alinyoosha mkono kuchukua redio. Dominika aliiweka nyuma ya mgongo wake. Kijana akauegemeza uso kwenye mwamba, mabega yakawa yanatikisika, na Dominika akamwacha. Alikwenda kukinga maji. Alimlisha karanga moja moja, akimhesabia pumzi katikati, na jua lilipotokea alisogeza mwavuli. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyokuwa ngumu kama ile ya kutofanya kitu tangu saa moja hadi saa saba, huku mguu wa mtoto wa kaka yake ukibadilika rangi mbele yake.

Saa saba kasorobo alipanda jabali. Safari hii mizizi miwili aliyoishika jana ilikuwa imekwenda na mvua, akalala kifudifudi na kujivuta kwa viwiko. Juu alikaa, akafuta kioo kwa ukosi wa blauzi, akawasha simu. Kwanza alimtafuta bawabu wake mwenyewe. Ulikuwa mstari mdogo pembeni ya kioo. Alimwondoa kwenye kujipanga, akamshusha kwa kidole mpaka chini kabisa.

Takataka zikamwagika. x q7 tt e;; o8 hh zi. Herufi zilimiminika bila kituo, mstari juu ya mstari.

Saa saba ikapita. Aliwapa dakika kumi na mbili, Zenon na yule bawabu wa Milanzi, ili mmoja anawe mikono na mwingine ashuke. Kisha akaandika neno moja, akatuma, akaondoa kidole.

KITENDAWILI

Akakaa kimya, maana mtu akishasema neno hilo hana tena la kusema mpaka ajibiwe. Dakika ikaenda. Takataka ziliendelea kushuka, naye alizisoma zote kama mtu anayechambua mchanga kwenye ulezi, jicho likiruka ovyo kutafuta kilicho chake. Akatuma tena. Akanyamaza tena.

w9 e;; k TxGA oo3 b

Akasogeza kioo karibu na macho.

uu TEGA TEGA z4

"Yupo," alisema kwa sauti ya kawaida.

"Nani?" Leonsi aliita kutoka chini.

"Nani mwingine anajibu hivi?"

Akaandika: TUMEKWAMA MLIMANI. LEONSI KAVUNJIKA MGUU. Akatuma, akasubiri. Jibu lilikuja limetobolewatobolewa, lakini lilisomeka: NIPE MJI.

Dominika alicheka, na midomo iliyokauka ikapasuka. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa Basil hakuwahi kushika utaratibu wa vitendawili. Tangu lini anayetegewa ndiye anadai mji?

"Tuma namba," Leonsi aliita. "Namba za ramani."

Alizituma. Basil alizirudisha ili zihakikishwe, na Dominika akazilinganisha tarakimu moja moja na zile zilizoandikwa kiganjani kwa kalamu. Palipokuwa na tisa pamerudi moja. Alituma tena, na safari hii tatu ilirudi nane. Mstari mmoja wa betri ulizimika akiwa anautazama.

"Zinarudi mbovu," alimwambia Leonsi. "Hii ya sasa inampeleka katikati ya Ziwa Rukwa."

"Rudia."

"Betri imebaki mstari mmoja."

Alifikiri haraka. Namba ikiharibika inakuwa namba nyingine, nzima kabisa, na hakuna wa kukuambia imeharibika. Lakini neno likitobolewa linabaki neno. TxGA aliisoma mara moja bila kuuliza. Basi neno gani la mahali hapa? Ramani haikuwa nalo. Yeye alikuwa nalo.

NG'OMBE WATATU

Kimya. Tena, NG'OMBE WATATU. Kimya. Kisha akaongeza: MAULIZE MADUHU. Alikosea herufi ya pili, kidole kilikuwa kimekufa ganzi, na hakupoteza betri kusahihisha.

Aliyasoma makelele kwa dakika nne. Yalikuja haya: h2 NG MBE W TATxU. M DUHU YUKO H PA NA MZ WA. KAENI HAPx HAPO r;; Yalikuja na mengine machache yaliyovunjika zaidi, na mwisho kabisa neno MAMA ANGELA, jina ambalo Basil alimwita tangu binti yao wa kwanza azaliwe. Halafu takataka zikawa nzito ghafla, nyeusi kama nzi, zikajaza kioo. Alitazama saa. Saa nane na dakika mbili. Zenon ameamka.

Redio ilizimika ikiwa bado mkononi mwake.

Wakakaa hapo hapo. Viazi viliisha Alhamisi jioni. Leonsi hakuuliza watakuja lini. Aliomba ategewe kitendawili, akashindwa, akatoa mji. Akashindwa tena, akatoa mwingine. Alitoa Mwimbi, Malangali, Laela, mpaka miji ya mkoa ikamwishia, na homa ilipopanda akatoa miji ambayo haipo. Dominika aliipokea yote.

Ijumaa asubuhi walisikia kengele ya ng'ombe mahali pasipokuwa na malisho. Maduhu alikuwa amemtanguliza dume mmoja mzee kwenye njia ya pembeni, ya mifugo, iliyozunguka maporomoko. Akaja nyuma yake na vijana wanne na ngozi ya ng'ombe iliyofungwa kwenye miti miwili. Alisimama, akawaangalia, akaangalia ukuta mwekundu palipokuwa na njia.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akamgeukia Leonsi. "Mshikaji. Ramani inasemaje leo?"

"Inasema tukusikilize," alisema Leonsi, na sauti yake haikuwa na maji.

Walimpandisha kwenye ngozi ile kwa saa tano. Juu ukingoni Basil alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu magoti yalikataa kwenda zaidi. Hakusimama. Alichukua mikono ya mkewe, akaigeuza, akavitazama viganja vilivyochubuka na namba zilizofifia, akavifunga ndani ya vyake.

"Ulinidai mji," alisema Dominika.

"Ulikawia kunipa," alisema Basil.

Mguu haukukatwa. Hospitalini walisema siku moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Ulipona ukiwa mfupi kidogo, na Leonsi sasa huwafikia watu baada ya wao kumsubiri, jambo ambalo zamani asingelivumilia. Redio nyingine ilipelekwa bondeni mwezi wa sita, njia ilipokauka, kwa barabara kuu. Dominika hajamsema tena Zenon. Akimkuta amelala kwenye benchi, hukaa na ndoo yake na kungoja, na akina mama wengine wakianza kunung'unika huwatazama mpaka wanyamaze.

Bawabu wa Milanzi bado anajipanga mwenyewe. Ila kila siku saa saba, mashine ikizima, Dominika huvaa miwani, hukaa mbele ya kompyuta na kumshusha kwa mkono mpaka chini, takataka zikamwagika, naye akazisoma mpaka saa nane.

Siku moja Leonsi alimkuta hapo. Aliegemea fimbo yake mlangoni, akatazama kioo.

"Shangazi, hizo ni takataka tu."

"Hata sisi tulikuwa humo," alisema Dominika, bila kuinua macho.

Leonsi alivuta kigoda, akanyoosha mguu wake, akaanza kusoma kutoka upande wa chini.